Risasi za Jirani

Siku hizi sheria inataka risasi za kulinda nyumba yako zichaguliwe na jirani mnayechangia naye ukuta. Basi Tunu na Zamda, ambao hata hawasalimiani, waliingia dukani pamoja.

“Mpe hizi laini, zinazoishia mwilini mwa mwizi,” Zamda alimwambia muuzaji. “Zile kali zinatoboa ukuta, na mwanangu analala upande wa pili.”

“Na mwizi asipoanguka, nife mimi?” Tunu alifoka.

“Bora wewe.”

Kwa hasira, Tunu naye akamchagulia Zamda zilezile laini. Hata hivyo, hakumwamini. Aliporudi nyumbani alikivuta kitanda chake mbali na ukuta wao. Alipotulia, akasikia upande wa pili kitanda cha mtoto nacho kikiburutwa.