Askari wa Elisifa

"Mpe mwenyewe! Mpe askari wako, si huyo!"

Nesi Bernadetha aliinama mpaka pua ikakaribia kioo cha kompyuta. Elisifa hakumsikiliza. Alibofya, na kidonge cha jioni kikamwangukia mwanakijiji mmoja aliyechorwa nyuma ya ukuta kupamba mchezo tu. Adui wakaruka ukuta. Askari wa Elisifa akaanguka chali.

"Mae! Huyu kafa tena," alisema Primus, kijana wa Himo ambaye askari wake hajapata kushindwa.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kitoto, lakini nesi aliupenda kuliko kifaa kingine chochote katika kliniki ile ndogo ya Moshi mjini. Dawa za virusi vya Ukimwi zilikuwa zimeanza kutolewa bure, na vijana waliozaliwa navyo walikuja kila Jumamosi, wakakaa kwenye benchi midomo imeshonwa. Ukiwauliza hali, nzuri. Hata aliyemzika baba juzi, nzuri. Mbele ya kompyuta ndipo walipofunguka. Walipiga kelele, wakawatukana adui, na katikati ya makelele hayo mmoja alisema kwamba nyumbani ametengewa kikombe, mwingine kwamba asubuhi hatamani kuamka. Nesi Bernadetha alikuwa na imani moja: mtoto humfanyia askari wake yale anayojifanyia mwenyewe.

Ndiyo maana Elisifa alimtisha. Alikuwa msichana wa miaka kumi na minne, mpole, mwembamba, na kila damu yake ilipopimwa, kinga ilikuwa imezidi kushuka. Kopo lake la vidonge lilikuja tupu kama inavyotakiwa. Dawa ilikuwa inatoka kwenye kopo, lakini mwilini mwake haikuonekana.

Nesi hakwenda mbali kumtafuta mchawi. Kikulacho ki nguoni mwako. Mama yake Elisifa alimsindikiza kutoka Machame, kisha akabaki ng'ambo ya barabara, kanga imeteremshwa mpaka machoni, asije akaonwa na mtu wa usharika wake. Alikuwa mkuu wa kwaya. Ugonjwa wa mwanawe, alidai, ulitokana na sindano chafu. Siku nesi alipovuka barabara kumwomba naye apime, aliwaka.

"Mimi mzima, dada. Shughulika na mgonjwa wako."

Tangu siku hiyo nesi aliamini kwamba mwanamke yule anamwaga dawa migombani na kumlisha mtoto maombi. Alimchukia, na wala hakuona haya kumchukia.

Basi askari alipoanguka tena, nesi aliwatoa vijana wengine nje wakanywe chai, akabaki na Elisifa mbele ya kompyuta.

"Nani anakunyima dawa ya jioni?"

"Hakuna, sista."

"Mama?"

"Mama hata hajui kopo linapokaa. Mimi ndiye ninayepika, mimi ndiye ninayetunza kila kitu."

"Basi ni wewe mwenyewe. Hutaki kuishi?"

Machozi yakamtoka msichana. "Nataka, sista. Nataka sana."

Nesi alisogea karibu. Alimshika mikono. Kujipenda si dhambi, alimwambia, hata kama kanisani hawakukufundisha hivyo. Asubuhi meza, jioni meza, na dunia nzima ikusubiri umalize.

Elisifa alijifuta macho, akanyooshea kidole kioo. "Na huyu wa nyuma ya ukuta?"

"Huyo mchoro tu, mwanangu. Mwache."

Msichana aliutazama mchoro ule kwa muda mrefu. Kisha akacheza upya, akampa askari wake kila kidonge, asubuhi na jioni. Adui walirudi nyuma mpaka mtoni. Wenzake walioingia na vikombe vyao vya chai walimshangilia, Primus akampiga begani. Yeye hakucheka.

Kahawa ilipoanza kuiva, vidonda vyake vya mdomoni vilikuwa vimepona. Ilipokuwa inaanikwa, mashavu yalikuwa yamejaa na kinga imepanda. Nesi Bernadetha aliringa, asiseme uongo mtu. Kila mgeni aliyefika kliniki aliburutwa hadi kwenye kompyuta ile kuukuu na kuelezwa jinsi ilivyomrudisha mtoto kutoka kaburini.

Jumamosi moja kabla ya Krismasi, Elisifa alikuja na shangazi yake. Kichwa cha msichana kilikuwa kimenyolewa upara.

"Tumemzika mama yake, dada," shangazi alisema. "Mwaka juzi alikonda vilevile, akakohoa, akainuka bila hospitali. Safari hii tukajua atainuka tena."

Nesi alitoa pole zote anazojua mtu kutoa. Moyoni alijisemea kwamba mficha maradhi, kilio humfichua, akajilaumu kwa kumsema marehemu. Alimchukua msichana mpaka chumba cha ndani, akafunga mlango, akamkumbatia.

"Umefiwa, na bado dawa hukuacha. Najivunia wewe, unasikia?"

Elisifa aliitikia kwa kichwa.

"Sasa niambie, hakuna wa kukugombeza tena. Zile za jioni, zamani, ulikuwa unazipeleka wapi?"

Msichana aliutazama mlango, akashusha sauti.

"Nilikuwa namsagia mama kwenye bakuli lake la mtori, bila yeye kujua. Uliponiambia nimwache, nikamwacha."