Ukoko wa Mwanaidi

Jana mwanangu Mbaraka alikuja kula kwangu, nami nikamkaribisha kama mgeni. Siku hizi anaitwa Nasibu. Sheria yetu inamruhusu mtu aliyeshindwa kubeba kosa lake afutiwe kumbukumbu na kupewa jina jingine. Sisi jamaa zake tunaruhusiwa kumwalika mara moja kwa mwaka, mradi tusimwambie alikuwa nani. Tukimwambia, haletwi tena.

Kosa lake lilikuwa moja. Alisahau kufunika kisima, na binti yake Mwanaidi, mtoto wa miaka minne, akatumbukia akafa.

Alipoingia jikoni alinisogezea kigoda bila kuombwa. Wema wake hawakuufuta.

"Bibi, ukinizoesha wali huu nitahamia hapa."

"Kula, baba. Maneno hayashibishi."

Alipomaliza alikwangua ukoko, akauweka kwenye kisahani na kuufunika. Mwanaidi alikuwa halali mchana bila ukoko wake, na ni baba yake aliyekuwa akimwekea.

"Unamwekea nani?" nikamuuliza.

Alikitazama kile kisahani. "Sijui, bibi. Kila ninapokula wali nafanya hivi, halafu moyo unaniuma siku nzima." Akanishika mkono. "Kuna mtu nimemsahau?"

Nilimtazama usoni. Nina miaka themanini na mmoja, na nilitaka kumwona tena mwakani.

"Hapana, baba," nikasema.

Alipoondoka niliula ule ukoko peke yangu. Kosa hili ni langu, na sitaki kufutiwa.