Honi ya Mzee Hamidu

Honi ilisikika kabla pikapu yenyewe haijaonekana. Ililia mfululizo kama ng'ombe aliyesahauliwa nje ya zizi, na kila mtu machimboni akajua kwamba Mzee Hamidu ameshashusha ndizi zake jikoni na sasa anakata kona ya kushoto kuja getini ili atoke.

"Leo ndiyo leo," Werema alimwambia mlinzi mwenzake, Omondi. "Ile naifungua mpaka utumbo."

Hakuwa anatania. Asubuhi ile msimamizi, Bwana Mseti, alimsimanga mbele za watu: mawe ya dhahabu yanazidi kupungua kwenye lundo, na yakipungua tena leo, Werema atarudi kwao Nyanungu akachunge ndama. Machimbo yalizungushiwa seng'enge, geti lilikuwa moja tu. Wanawake wa vijijini walioruhusiwa kuingia kuokota kuni walipekuliwa mzigo kwa mzigo wakati wa kutoka. Ilibaki pikapu.

Na pikapu yenyewe ilikuwa kituko. Ukiwasha indiketa, zinaamka waipa. Taa za mbele ziliwaka zinapojisikia. Fyuzi zilivishwa karatasi ya sigara, na honi ilikuwa na shoti kwenye usukani: ukikata kushoto inapiga kelele, ukinyoosha inanyamaza. Juu ya yote hayo, kila siku ya Mungu ilizimika mahali pale pale, chini ya mti wa kizuizi uliokwisha kuinuliwa, nusu ndani, nusu nje.

Ikazimika.

"Shikamoo, mzee," alisema Werema kwa sauti ya kazini.

"Marahaba, mwanangu. Umeme umekata tena. Gari hili litanizika."

"Leo nakagua kila kitu."

"Kagua tu. Ukiuona na ugonjwa wake, usinifiche."

Werema alikagua. Aling'oa siti, akatikisa tairi la akiba, akachungulia ndani ya taa iliyopasuka. Mwisho akafungua boneti, akaiona betri, vichwa vyake vimeota unga mweupe. Moyo ukamdunda. Betri isiyowasha gari inabebwa ya nini? Akafungua vizibo, akachovya kijiti tundu moja baada ya jingine.

Alichopata ni maji ya betri. Tone moja lilimwangukia gotini, na suruali ya kazi ikaanza kutoboka huku anaitazama.

"Pole, mwanangu," alisema Mzee Hamidu. "Maji ya betri hayana adabu."

Omondi aligeuka pembeni kuficha kicheko. Werema aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Mzee mzima, mvi kichwani, amemgeuza mwizi mchana kweupe! Na mke wake mwenyewe Werema, Mokami, alikuwa amemwonya alfajiri ile ile, akijifunga khanga aende kuni.

"Usimsumbue yule mzee," alisema Mokami. "Gari likizimika, lisukumeni. Mimi nikiisikia tu honi yake, moyo wangu unafurahi."

Ndivyo alivyokuwa Mokami, mwenye huruma na asiye na makuu. Hata katambuga zake za tairi alikataa kununuliwa nyingine. Ya kushoto ilipokatika mkanda, Werema aliishona kwa kipande cha waya kilichodondoka kwenye pikapu hiyo hiyo. Waya ukakatizana chini ya kisigino, na Mokami akacheka kwamba sasa anatembea na msalaba kama sista.

"Njoo tusukume," Werema alimwita Omondi.

"Wote wawili? Sasa geti tunamwachia nani?"

"Geti litakimbilia wapi? Mtu mmoja haiwezi hii. Acha maneno, mzee anachelewa."

Wakaweka mabega. Mteremko ulikuwa mbele, ng'ambo ya migomba, na mpaka kuufikia ni jasho. Mzee Hamidu alikaa kwenye usukani kama bwana harusi, kichwa nje ya dirisha, akiwatia moyo.

"Haya, wanangu! Bado kidogo! Msitazame nyuma, mtapunguza nguvu!"

Hawakutazama nyuma. Pikapu ikashika mteremko, ikakohoa, ikawaka. Mzee akapunga mkono, akakata kushoto, honi ikapiga yowe, wakatokomea yeye na moshi wake kuelekea Nyamwaga.

Werema alirudi getini amelowa jasho, goti liko nje, lakini moyo umetulia. Alikuwa amemsaidia mzee wa watu, na zaidi ya hapo alikuwa na jibu la kumpa Bwana Mseti: mawe hayatoki na pikapu, amehakikisha kwa macho yake. Na huyo hapo msimamizi mwenyewe, anakuja kutoka upande wa lundo, fimbo mkononi, hatua zake si za mtu mwenye habari njema.

Werema aliinama kukung'uta vumbi kwenye suruali. Ndipo alipouona mchanga wa getini, ambao aliufagia mwenyewe asubuhi. Ulikuwa umejaa nyayo za wanawake, zote zinatoka ndani kwenda nje, zimedidimia kama za watu waliojitwisha mizigo mizito. Na katikati yake, kila baada ya hatua, kisigino cha kushoto kilikuwa kimechora msalaba.

Werema akakimbilia ufagio.