Unyoya Ulipoanguka Mahakamani

Unyoya wa tai ulimponyoka Bibi Delphine kabla hajaapa nao, ukatua sakafuni, na mahakama nzima tukasimama wima.

Hakimu, mgeni kwetu sisi Wakrii, wenyeji wa asili wa Kanada, akainama auokote.

"We! Usiuguse!" Bibi akamkemea. "Unyoya wa tai ukianguka ni kama askari kaanguka vitani. Anauinua aliyewahi kupigana vita."

Tukatazamana. Mwenye sifa hiyo alikuwa mmoja tu humo ndani: shemeji yake, mshtakiwa mwenyewe, aliyeshtakiwa kuvunja banda la Bibi na kubeba samaki wote wa moshi.

Hakimu akamwita kwa mkono. Mzee akapiga magoti, akaunyanyua taratibu, akaupuliza vumbi. Akamnyooshea Bibi.

Bibi akaficha mikono nyuma.

"Kaa nao kwanza, shemeji. Si unajua mwenye kuushika hasemi uongo? Haya, samaki wangu kawala nani?"

"Usijibu!" wakili wa mzee akaruka.

Mzee akautazama unyoya, kisha akamtazama Bibi.

"Shemeji," akasema, "ile chumvi ulizidisha kidogo."