Kanuni ya Kumi

Punda, msimamizi wa nidhamu katika chuo cha wanyama, alikuwa amechoka hoi kwa kusikiliza visingizio. Sasa mbele yake alisimama Kima, aliyenakili insha ya mwenzake neno kwa neno.

"Kanuni ya kumi inasema anayenakili afukuzwe," Punda alisema. "Na ulitia sahihi."

"Nilitia bila kusoma, Mwalimu." Kima akakifunua kitabu cha kanuni. "Lo! Ya kumi na moja inasema kila mwanafunzi alale chini ya maji. Hiki si kitabu cha chuo cha Mamba?"

Masikio yakamlegea Punda. Alikuwa amekinakili mwenyewe, mwaka ule alipoelemewa na kazi, wala hakukisoma tena.

"Rudi darasani, mwanangu," alinong'ona.

Mlangoni Kima aligeuka. "Na Digidigi je, uliyemfukuza muhula uliopita kwa kanuni hiyo hiyo?"