Sukari Iliyokonda

Ilipowekwa mzanini mara ya kumi na mbili, pakiti ya sukari ya kilo mbili ilisoma kilo moja na robo.

"Makubwa! Sukari nayo inakonda?" Nesi alicheka.

Fundi hakucheka. Programu ya mzani ule wa watoto aliiandika yeye, kuanzia kiini cha mfumo hadi tarakimu za kwenye kioo, na sasa uso ulimwiva kwa aibu.

"Mzani huu una kazi mbili, dada. Kupima, na kutuma kumbukumbu. Moja ikiikatiza nyingine, kiini kinatakiwa kuiwekea ile iliyokatizwa hesabu zake zote, kiirudishie ikirejea. Mimi niliweka namba kamili tu, za desimali nikazisahau. Upimaji ukirudi unakuta desimali za mwenzake, unaendelea nazo kama zake."

"Kila siku?"

"Mara moja moja. Ndiyo maana hatukugundua."

Nesi akaacha kucheka. "Basi yule mama wa juzi tulimwonea. Mtoto wa miezi minane, mashavu hayo, mzani unasema kilo tano! Akampigia mumewe simu hapa hapa. Mwanamume akafoka mpaka mimi nikasikia: mashine haikosei, wewe ndiye unayemshindisha mtoto njaa. Kabla sijampima upya, mama wa watu kashaondoka analia. Nasikia jioni ile ile alifungashiwa virago."

Fundi aliinamia kompyuta yake asionekane macho. Marekebisho yalikuwa mistari minne tu. Minne! Akaipima sukari mara hamsini, na mara zote hamsini ikawa kilo mbili.

"Nitakwenda kumwomba radhi," alisema. "Kosa ni langu."

"Huo ndio uungwana. Nikuelekeze kwao?"

"Napajua."

Nesi alikuwa ameshamgeukia mtoto mwingine.

Njia nzima fundi alipanga maneno, akayapangua. Yote aliyaona hayana uzito. Mlangoni alipiga hodi mara mbili.

Alifungua mama mtu mzima, kambeba mtoto wa mashavu kiunoni. Mtoto alipomwona fundi alichangamka, akamnyooshea mikono yote miwili.

"Shikamoo, mama."

Mama mkwe wake hakuitikia.