Nguo Nyeupe ya Eda

Mama alitoka chumbani ameshika nguo nyeupe aliyoivaa akikaa eda mwaka juzi. Kucha yake ilikuwa inafumua uzi wa pindo.

"Nani kafa?"

Wiki hii nimemjibu ukweli mara tatu, kwa sababu mimi sisemi uongo. Mara tatu amefiwa upya na Baba, akalia hadi sauti ikamkauka, na kesho yake akasahau.

Uzi ulizidi kufumuka. "We, si nakuuliza? Nani kafa?"

"Allal, jirani," nikasema.

"Maskini. Na wewe umekaa tu kama gunia? Lini uliona hapa Fes nyumba ya msiba ikiwasha jiko? Lete kuku."

Alipika kuskusi bila kusahau hata chumvi, akanibebesha sinia, akanifuata kichochoroni. Nilibisha hodi kwa kiwiko.

Alifungua Allal mwenyewe, mswaki mdomoni.

"Pole na msiba, ndugu yangu," Mama akamwambia.

Allal aliitazama kuskusi, akamtazama Mama, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu. Akautoa mswaki, akainamisha kichwa.

"Nimeshapoa, dada. Ingieni."